Mkono Ulioshika Malkia

4 Mei

Dada mpendwa,

Shikamoo. Hamjambo huko? Mgongo wa shemeji umepoa? Mimi mzima, ila macho yananisumbua. Nadhani ni moto wa kuchomelea vyuma. Jumapili nacheza mechi ya mwisho ya mashindano ya sataranji na Fundi Saa. Sijawahi kumshinda. Atakayeshinda anaingia timu ya taifa. Niombee.

Mdogo wako

19 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Mgongo wa shemeji yako umepona, sasa yanayouma ni masikio yetu kwa kumsikiliza. Mbona kimya? Umeshinda au umeshindwa, niambie tu. Na hayo macho nenda hospitali. Baba alianza hivyohivyo.

Dada yako

2 Juni

Dada,

Shikamoo, na unisamehe. Mechi niliishika, Dada. Fundi Saa alikuwa amebanwa, jasho linamtoka. Nilitakiwa nimsogeze mfalme pembeni, basi. Mkono ukaenda ukashika malkia. Mbele yangu palikuwa ukungu mtupu. Na sheria ni moja: kete uliyoigusa ndiyo utakayoicheza. Nikamsogeza.

Fundi Saa hakutazama ubao. Alinitazama mimi. Akaninong'oneza, "Tufanye sare, ndugu yangu."

Nikamwambia, "Cheza."

Akamla malkia wangu.

Hospitali nimeenda. Ni presha ya macho. Daktari kasema kilichopotea hakirudi, na kilichobaki si cha kutegemea. Karakana wameniambia nipumzike, na hawakusema hadi lini. Usimwambie mama.

Mdogo wako

11 Juni

Mdogo wangu,

Sijui nianzie wapi. Hali yako? Unakula? Watoto nimewahamishia sebuleni, chumba chao ni chako. Njoo. Nijibu hata mstari mmoja.

Dada yako

27 Agosti

Dada,

Shikamoo. Hatujuani. Mimi ndiye Fundi Saa. Mdogo wako haoni tena, kwa hiyo namwandikia. Ameniambia, "Mwambie mimi mzima." Nikamuuliza niongeze nini. Akasema hapo panatosha.

Barua zako nimemsomea zote. Huwa nampitia jioni na chakula. Nimemwomba tucheze, mimi nimtajie kete zilipo, yeye aseme zinakokwenda. Akili yake haijapungua hata kidogo. Hataki. Ameugeukia ukuta.

Jumamosi naondoka na timu, na hapa hana mtu mwingine. Njoo umchukue, Dada, ingawa anasema hatoki. Jana nilimwambia kwamba nasafiri. Akasema, "Haya."

Mdogo wako pia, ukiniruhusu