Neno la Sikioni

Chicago, Novemba 1970

Kwako dada yangu Ernestine,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, magoti yamepunguza kukusumbua, na kuku wa Mama bado wanataga. Mimi mwili ni mzima; la moyo nitakueleza. Najua barua zangu mbili ulizirudisha bila kuzifungua. Hii nakuomba uisome mpaka mwisho, hata kama ni kwa kunitukana.

Albamu ya bendi yetu imetoka, nimekuwekea nakala kwenye kifurushi. Hapa mtaani wanausifu sana upande wa pili wa santuri, ambako tarumbeta yangu inalia peke yake mpaka pumzi inakatika. Hata mchungaji wetu, ambaye siku zote husema tunagonganisha masufuria, safari hii alifuta macho.

Unajua sisi hatupigi muziki wa kuandikwa. Kabla ya kurekodi, Lamarr, kiongozi wetu, hutupitia mmoja mmoja na kutunong'oneza neno sikioni, na hilo ndilo kila mtu analolipiga. Mara huniambia mvua, mara jiko la bibi. Ni mwiko kuuliza, na ni mwiko kuacha kupiga kabla mkanda haujazimwa. Alhamisi ile, mkanda ukiwa umeshaanza kuzunguka, alinijia na kuninong'oneza kwamba Mama amefariki.

Nikapiga. Nilidhani simu imeingia dakika ile ile. Tulipomaliza nikakimbilia basi la kuja huko Mississippi, na Lamarr nilimshukuru kwa kunipa nauli. Kule makaburini ulinipa mgongo. Nikajiambia ni uchungu tu, utapita.

Jumapili iliyopita mke wa Lamarr, Vernell, alikuja chumbani kwangu. Alisema amechoka kuisikia santuri ile nyumbani kwake. Kumbe yeye ndiye aliyepokea simu yako ya Jumatatu, Mama akiwa bado hai na akiniita kwa jina. Alimpa Lamarr ujumbe aniletee, maana mimi sina simu. Lamarr akauficha, akaficha na ule wa msiba, akaningojea studio.

Nilimwendea. Hakukana wala hakuona haya. "Wee Cleo, ningekwambia Jumatatu si ungepanda basi? Halafu Alhamisi turekodi nini, kikohozi cha mpiga ngoma? Umemlilia mama yako dunia nzima ikasikia, bwana. Nishukuru!"

Niliondoka bila kumpiga, na mpaka leo najuta. Mtu huyu nilikuwa namwita kaka.

Sasa nimeelewa mgongo wako. Ulidhani Mama aliniita nikakataa kuja. Sikuambiwa, dada. Ningekuja hata kwa miguu.

Kipande kile cha tarumbeta Lamarr amekipa jina Salamu za Nyumbani. Kisikilize mara moja tu, kisha uivunje santuri. Utasikia pale mwanzoni tarumbeta inanyamaza kidogo kabla ya kuanza kulia. Hapo ndipo nilipoambiwa.

Nisalimie shangazi Lutie na wote wa kanisani. Nangoja neno lako, hata likiwa moja.

Mdogo wako,
Cleophus