Kumkumbuka Mbu Wetu, Mpiga Fidla

Leo mwaka umetimia, mdogo wangu, tangu mumeo akunyonge kwa mikono yake sebuleni kwenu, mchana kweupe. Mwaka jana tulitangaza kwamba "umetutoka ghafla". Yule mtu alikuwa ameshawaambia polisi kuwa umeanguka kwenye ngazi, nasi tukaona haya kusema zaidi. Sasa mahakama imemaliza kazi yake na yeye yuko gerezani. Tumebaki sisi wa nyumbani kusema yetu, na Mama ameapa kwamba safari hii hatutapamba kitu.

Baba ndiye aliyekuita Mbu. Ulikuwa na miaka saba, fidla ya kuazima chini ya kidevu, na sauti uliyoitoa ilimfanya jirani afunge madirisha. "Huyu mbu leo atatumaliza damu," Baba alisema, kisha akavuta kiti akakusikiliza mpaka mwisho. Hakukosa onyesho lako hata moja.

Tunakumbuka vidole vyako vya kushoto visivyotulia. Ulikuwa ukipiga nyimbo ukingoni mwa meza huku unakula, na Baba akisinzia unazipiga juu ya upara wake. Kucha ulizikata kila siku ukaziacha kwenye sinki, tukagombana kila siku. Mfagiaji wa ukumbi wa okestra yenu ulimwekea kiti cha mbele katika kila onyesho, ukisema ndiye pekee anayeyavumilia mazoezi yenu yote.

Tunamkumbuka pia mwalimu wako, yule tuliyemwita Rula. Ukikosea noti moja alikuchapa kwa rula ya chuma juu ya vifundo vya vidole. Ukikosea mbili alikuzaba kofi, nawe ukaendelea kupiga, machozi yakidondokea kwenye fidla. Ulipokuwa na miaka tisa ulimtoroka, ukaja nyumbani mbio, vidole vimevimba hata kijiko huwezi kushika. Mama alivikanda kwa maji ya moto, akakushika mkono, akakurudisha siku ileile. "Jikaze kisabuni," alikwambia. "Utakuja kunishukuru."

Na kweli ukawa mtu. Saa sita za mazoezi kwa siku, miaka minane, kisha chuo cha muziki, kisha usaili wa okestra, ambapo waamuzi hukaa nyuma ya pazia wasijue anayepiga ni nani. Mlikuwa thelathini na wanane mkigombea nafasi moja. Ulivua viatu ili wasisikie visigino wakajua ni mwanamke. Pazia lilipofunguliwa wakamkuta binti kasimama pekupeku na fidla yake. Tulicheka wiki nzima. Mama alimwambia kila aliyekutana naye: "Mnaona? Ningemhurumia siku ile, leo angekuwa wapi?" Nasi tulimwamini.

Ndiyo maana hatukukuuliza mengi. Mpiga fidla huwa na alama nyeusi chini ya taya, upande wa kushoto, pale fidla inapokaa. Yako tuliizoea. Ulipoolewa alama zikaongezeka, ukasema, "Ni fidla tu," nasi tukaitikia kwamba ni fidla tu. Shangazi alipokuona umejifunga skafu kwenye joto kali, alicheka: "Wasanii nao!"

Jumamosi ile asubuhi ulibisha hodi, fidla mgongoni, begi mkononi. Shingo ilikuwa imevimba upande wa kulia, ambako fidla haifiki. Ulisema mumeo hataki usafiri na okestra, na ameshavunja pinde zako mbili za fidla kwa kuzipiga ukutani.

"Mama, ataniua."

"Hasira zake zitapoa," Mama alisema. "Hata kwa Rula ulilia, Mbu. Si ulivumilia? Si ukawa mtu? Rudi kwako, mwanangu."

Ulinitazama mimi. Nami dada yako, ninayejulikana mtaa mzima kwa mdomo, nilipokea begi lako. Nilikubebea mpaka kituoni. Ulisema, "Asante, dada."

Siku nne baadaye mumeo aliipigiza fidla sakafuni ikawa vijiti. Ulipoinama kuiokoa alikukanyaga mkono wa kushoto, kisha akakukaba shingo. Daktari alieleza mahakamani kuhusu vidole vitatu vilivyovunjika, kimoja kimoja. Baba alishindwa, akatoka nje. Mama alikaa akasikiliza yote.

Rula alikuja mazikoni akilia kwa sauti, akitangaza kwamba yeye ndiye aliyekufundisha kuvumilia. Kaka alimkwida shati mbele ya watu, ikabidi wanaume wanne wamshike. Mimi niliomba wasimshike. Nina hasira mpaka leo, mdogo wangu, na si kwa yule aliye gerezani peke yake.

Hatutakusahau, wala hatutajisahaulisha.

Wanaokukumbuka ni baba yako, kaka yako, shangazi yako, wenzako wote wa okestra, na mimi dada yako. Mama nilikuwa nimemweka wa kwanza, kama matangazo haya yanavyoandikwa. Aliisoma karatasi mara mbili, akaomba kalamu, akalikata jina lake pale juu, akajiandika huku chini kwa mkono wake mwenyewe:

Na mama yako, aliyekurudisha.