Nyumba ya Sufuria za Kilio

Mpendwa Mama Riziki,

Nimechoka. Naanza hivyo kwa sababu ungekuwa hapa nisingehitaji kusema. Ungeniona tu ninavyovua viatu mlangoni, ungenisogezea kiti, ungeniletea maji, na maswali ungeyaacha hadi nimalize kunywa. Sasa inanibidi nijitangaze mwenyewe kama redio. Leo asubuhi nilikwenda tena kwenye ile ofisi ya mipango ya mji, kule ambako karatasi huingia nyeupe na kutoka na rangi ya chai, kama zikitoka. Na sasa nimeketi sebuleni nakuandikia, katikati ya sufuria zako.

Ndiyo, sufuria zako. Ziwa lilipopanda likala ile nyumba ya kule chini ambamo kikundi chenu kilikuwa kinaweka vyombo vya kilio, vyombo vyote vilihamia kwangu. Sufuria kubwa za msibani ziko nyuma ya kochi. Shitingi, lile turubai la kivuli, imekunjwa juu ya kabati. Viti vya plastiki vimepandana hadi kwenye dari, mgeni akija namtungulia kimoja kama papai. Riziki wetu alipokuja kutoka Bukavu alicheka hadi akashika ukuta. "Papa, siku hizi unalala mu depo?" Nikamwambia ndiyo, nalala depo, na bidhaa zenyewe hakuna mtu anayeomba zimfikie.

Unakumbuka kikundi kilivyoanza? Mimi nakumbuka, ingawa siku ile nilikuwa upande wa wanaume na nilijifanya sioni. Tulikuwa tumehamia kwenye avenyi hii, huu mtaa wetu, si zamani, mama yako akafariki. Dada zako walishuka kutoka milimani wakakaa kwenye mikeka wakalia, na wewe ukalia nao, na wageni wakajaa uani. Mchana ukapita jiko likiwa baridi. Nikakuona unainuka kwenye mkeka, macho yamevimba, kitenge kinaburuzika, unakwenda kuangalia kama maharagi yameiva. Mfiwa mwenyewe! Ndipo wale majirani wawili ambao tulikuwa hatujawazoea wakaingia uani. Mama Neema wa Katogota kule bondeni, rozari shingoni, na Mama Sifa wa Bijombo, kilima kingine kabisa, ambaye kanisani kwao rozari hawaijui kabisa. Mama Neema akakunyang'anya mwiko.

"Weye lia," akakwambia. "Kupika iko kazi yetu."

Ukarudi kwenye mkeka, ukalia hadi ukashiba. Nasema hivyo kwa sababu wewe mwenyewe ulisema hivyo baadaye, kwamba kulia nako kunahitaji nafasi.

Kuanzia hapo ukawa na sheria yako. Mtu akifiwa, watu wa kwao wanalia, wengine wote wanapika. Wanaokuja kupika wasiwe ndugu zake, wala watu wa kilima chake. Nakumbuka ukimenya mihogo siku moja, dada yako akikushawishi kikundi kiwe cha wanawake wa kwenu peke yao, ili muelewane vizuri. Hukuinua hata macho. "Kama bote tunatoka kilima kimoja," ulimwambia, "siku ya kilio bote tutalia. Bugali itasongwa na nani?" Dada yako alinuna wiki nzima, na kikundi kikaendelea: wa bondeni, wa milimani, wa pwani hapa, wa kule Fizi, wakatoliki na waprotestanti, kila mmoja na namna yake ya kutia chumvi.

Sasa sikiliza yaliyotupata.

Watu wa avenyi walitupa kipande cha ardhi karibu na bomba la maji, tujenge kinyumba cha kuwekea vyombo. Wanawake wakasema Baba Riziki aende ofisini kuomba idhini ya kujenga, kwa sababu ana Kifaransa na ana viatu. Nikaenda. Nilikuwa na mchoro wa fundi, karatasi ya kiwanja, sahihi ya shefu wa kartie, mkuu wa kata yetu. Mama anayepokea dosie, hayo mafaili ya maombi, ni mtu wa makamo, miwani inaning'inia shingoni kwa uzi, na ana adabu. Alisoma zote.

"Papa, dosie iko muzuri," akasema. "Inabakia kitu kimoja. Hiki kikundi iko ya jamii gani? Nani iko nyuma yenu?"

Nikamwambia ni wanawake wa avenyi.

"Avenyi haiko jamii, Papa. Hapa kuna pahali pa kujaza. Na barua ya mutualite ifuate."

Mutualite, vile vyama vya kabila ambavyo wewe ulikuwa unaingia kwenye mikutano yao kwa sababu moja tu, kuazima mabenchi. Yule mama sikumlaumu. Siku hizi katika mji huu hata ukijenga kibanda cha kuku utaulizwa nani yuko nyuma ya kuku. Tumeulizwa swali hilo na wenye kalamu na wasio na kalamu, tukiwa tumesimama na tukiwa tumelala chini, na mimi limenichosha hadi kwenye mifupa.

Tukakutana hapa hapa sebuleni. Hakuna aliyekubali tuandike jamii moja, na hilo lilinifurahisha. Kisha tukafanya kosa, na tulilifanya kwa nia njema kabisa: tukaamua kila mwanamke aende kwa watu wake akaombe barua, tupeleke barua za jamii zote, ili asiachwe mtu. Tulipiga makofi, Mama Riziki! Tulijiona watu wenye akili.

Kiangazi chote kiliishia kwenye barua hizo. Zikaja, zina mihuri mikubwa kama visahani. Halafu likazuka swali ambalo hakuna aliyeliwaza: ipi inakaa juu? Dosie inafungwa kwa kamba moja, na lazima karatasi moja iwe juu na nyingine iwe chini. Mama Neema akasema ya watu wa bondeni, maana kiwanja kilikuwa cha shemeji yake. Mwingine akasema wenye mwambao ni Bavira na hilo halina mjadala. Nikapendekeza tufuate alfabeti, wakanitazama. Barundi, Bavira, Bafuliiru, Babembe, Banyamulenge, yote yanaanza na Ba, hebu ona alfabeti ingetufikisha wapi. Mwisho Mama Sifa akasema ya kwao ikiwekwa chini kabisa atajua maana yake, kwamba yeye ni mgeni, na neno hilo ameitwa vya kutosha. Mama Neema akamjibu vibaya. Sitaandika alichosema, na sidhani kama yeye mwenyewe angependa ukisikie.

Hawa ni wanawake niliowaona wakivuka mto Ruzizi pamoja, sufuria kichwani, wakikimbia risasi, na wakarudi pamoja. Sasa karatasi imewafanya wasisalimiane bombani. Mmoja akija kuteka maji, mwenzake anakumbuka amesahau kitu nyumbani.

Nikazipeleka hivyo hivyo. Nilizipanga kama karata mkononi, kila muhuri uonekane, isiwepo ya juu wala ya chini. Yule mama wa ofisi alivaa miwani, akazihesabu. "Papa, nilikuomba jina moja. Weye unaniletea mukutano." Akanirudishia.

Haukupita muda, mama yake Mama Sifa akafariki, yule bibi aliyeletwa kutoka Bijombo akiwa hawezi tena kutembea. Wanawake waliokuja ni wa kwao Mama Sifa peke yao. Wakakaa, wakaimba nyimbo zao za kanisa, sauti nzuri kweli, wakalia. Sisi wazee tulikuwa nje kwenye mabenchi. Jua likapanda, jiko likabaki baridi, watoto wakaanza kulala ovyo kwenye mapaja ya watu. Nikamwona Mama Sifa anainuka kwenye mkeka kwenda kutafuta kuni.

Nilikuona wewe kabisa, hata namna ya kushika kitenge.

Nikaondoka bila kuaga. Nikaja hapa, nikavuta sufuria moja kubwa kutoka nyuma ya kochi, nikaibeba begani hadi pale msibani. Wazee wenzangu walicheka wakidhani sisikii. Mwanaume na sufuria ya kilio! Nikawasha moto, nawe unajua moto wangu. Moshi wote uliingia ndani, waimbaji wakaanza kukohoa katikati ya wimbo. Nilikuwa nimepiga magoti napuliza, machozi yananitoka, mengine ya moshi, ndipo nikasikia sauti mlangoni mwa ua.

"Baba Riziki, toka pale. Unataka kuua na benye balibakia?"

Mama Neema. Kichwani ana beseni la ndagala, dagaa wa ziwani, na nyuma yake wengine, mmoja na mboga za lengalenga, mmoja na unga. Wamekuja kwa sababu yangu au kwa sababu ya Mama Sifa, sijauliza. Alimfikia Mama Sifa, akamtoa kuni mikononi, akamsukuma taratibu kuelekea mkekani. Hakuomba msamaha, na barua hazikutajwa. Walipika hadi jioni. Usifikiri walikumbatiana, wanaongea sasa, lakini kama watu wanaopitishiana chombo cha moto.

Basi ndiyo nikarudi ofisini leo. Barua zote nilizitoa nikaziacha nyumbani. Yule mama akageuza karatasi, akafika pale pale. "Jamii gani, Papa?"

Nikamwambia aandike: wale wasiofiwa siku hiyo. Nikamweleza sheria yako, kwamba wenye maiti wanalia na waliobaki wanapika, kwa hiyo kila kilio jamii inabadilika, na jina moja likiandikwa pale kikundi kimekwisha. Akasema maneno hayo hayawezi kuandikwa, nafasi yenyewe ni ndogo. Sikuwa na nguvu ya kubishana. Nikajikuta namsimulia tu, mtu nisiyemjua, habari za ile siku ulipoinuka kwenda kuangalia maharagi. Watu walikuwa wamepanga foleni nyuma yangu. Hakunikatiza.

Nilipomaliza alivua miwani.

"Papa, minye nilitoka Kindu," akasema, sauti chini. "Hapa Uvira sina muntu, hata moja. Siku nitakufa, kwa sheria yenu bote batapika. Sasa nani atanililia?"

Wewe ungepata jibu hapo hapo, tena ungelisema huku ukimshika mkono. Mimi nilimwambia nitauliza, kama karani. Dosie ikabaki mezani kwake, pale pa jamii ni patupu, na sijui kama itapita au itatupwa.

Mchana nikawauliza wanawake pale bombani. Nilidhani watacheka. Mama Sifa akatua ndoo yake akasema huyo atamlilia yeye, kwa sababu anajua kukaa mji ambao watu wanakuuliza umetoka wapi. Mama Neema akaruka, hapana, Mama Sifa ndiyo juzi amezika mama yake, apumzishe macho, huyo wa Kindu ni wa kwake. Mama Sifa akasema macho ni yake na hajachoka. Wengine wakaingia, kila mmoja anataka upande wa kulia, hakuna anayetaka mwiko, maji yanamwagika bombani hakuna anayejali. Nilisimama pale nikicheka peke yangu, nikitafuta wa kumwambia, na wewe hupo.

Niliwaacha wakigombana. Kesho asubuhi nitarudi ofisini, na dosie sitaigusa. Nitakwenda kumwambia yule mama kwamba wa kumlilia wamepatikana, tena wamezidi.

Pumzika huko uliko. Mimi bado niko, nachoka tu.

Mume wako,
Baba Riziki