Benchi la Upande wa Pili

Mtani wangu Mhehe uliyelala hapa Mshangano,

Sikuamkii. Ukiwa hai hukunistahi, sembuse sasa. Mahindi ya mkeo yamefika karibu na kaburi lako, na yamekonda kama wewe, maana mbolea ile uliyowabishanisha watoto darasani bei yake bado haishikiki.

Unakumbuka ulivyonipata ulipokuwa mwalimu wangu wa kisomo cha watu wazima, mimi niliyeacha shule darasa la pili kwa kuwa viboko vilizidi herufi? Nikakwambia sisi Wangoni tuliwatandika ninyi mpaka mkasahau njia ya kwenu.

"Umejuaje?" ukauliza.

"Babu yangu alisema."

"Na babu yangu mimi alisemaje?"

Ukanihamisha benchi. Ukasema nikae upande wa Wahehe, niwatetee mpaka wewe mwenyewe ushindwe kunijibu. Nikawatetea, na laana ikanipata: nikawashindia. Jioni hiyo mke wangu alininyima ugali, eti nimeuza kabila.

Ndiyo ilikuwa kazi yako, kuhamisha watu mabenchi. Watoto wa darasa la saba uliwafanyia vivyo hivyo. Mbolea imepanda bei, alaumiwe nani? Huku serikali, kule wafanyabiashara. Wakishapandisha mori unapiga kofi moja, wanabadilishana mabenchi, kila mmoja anatetea alichokuwa anakitukana.

Halafu vikaja vyama vingi, tukaacha hata kuombana moto jikoni. Mwaka huo Sesilia, binti wa mwenyekiti wetu wa chama tawala, aliangukia benchi la kuwatetea wapinzani. Mimi nilikuwa nje naziba ufa wa ukuta wa darasa, udongo mkononi. Nilimsikia. Alisema vizuri mpaka nikasahau ufa.

Jioni kilabuni nikamwambia baba yake, "Mwenyekiti, binti yako kahama chama leo saa nne asubuhi. Yule Mhehe kamkatia kadi."

Utani, mtani. Mangapi mabaya kuliko hayo nimekusema mbele ya padri? Zamani kilabu kizima kingeanguka kwa kicheko. Siku ile hakucheka mtu. Mwenyekiti akaweka kopo chini taratibu.

"Mzee, una hakika?"

Nikacheka peke yangu, nikanywa.

Wiki haikwisha, wakaja mabwana wawili kutoka mjini. Hata leo sijui aliyewaita, kilabu kilikuwa kimejaa. Wakanikuta uani kwangu napukuchua mahindi. "Inasemekana Mwalimu anawaandikisha watoto chamani. Na wewe ulisema."

Hapo ndipo ningesema: jamani, mimi na yule ni watani, msishike maneno yangu. Mdomo huu, usiojua kufungwa hata kanisani, ukanigeuka. Nikasema, "Ndivyo watu wanavyosema."

Watu gani? Watu walikuwa mimi. Nao hawakuuliza nimejuaje. Wakaandika, wakaondoka.

Ukahamishiwa ndani kabisa huko Tunduru. Ulipokuja kuniaga ulicheka. "Mla panya, nakuachia madaftari, uwashie moto." Hukujua. Malaria ikakukuta masika, barabara imekatika kwa matope, na gari lilipopita ulirudi umefungwa kwenye turubai.

Nikafanya kazi ya mtani. Nikashuka kaburini, nikalala chali, nikasema Mhehe hazikwi mpaka nipewe jogoo. Watu wakacheka, mkeo akacheka huku analia. Mimi kule chini natazama mbingu imekatwa pembe nne, nikawaza: wakinifukia sasa hivi watakuwa wamekosea nini?

Nikatoka, nikapewa jogoo. Na kwenye matanga nikasema mbele ya watu kwamba mwenyekiti ndiye aliyekuchongea.

Sesilia alikuwa anapita na maji ya kunawa. Akasimama mbele yangu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

"Umejuaje?"

Nikamjibu, "Najua tu." Jibu lile lile ulilokuwa unanirudishia kama chapati mbichi. Akanimiminia maji mikononi mpaka jagi likaisha.

Basi maneno yangu yakaota mizizi tena, maana mimi mkulima hodari wa zao hilo. Tangu siku ile nusu ya mtaa hawamwitikii mwenyekiti salamu. Jana mama yake amefariki. Vijana wa nusu hiyo wamesema hawashiki jembe, achimbe mwenyewe, si alimpeleka Mwalimu kufia matopeni? Mtu kuchimba kaburi la mama yake, mtani. Hata Wahehe hawajafika huko.

Nimenoa jembe langu. Kesho asubuhi nitakwenda msibani, nitakaa benchi la mwenyekiti, nimtetee mpaka mimi mwenyewe nishindwe kujijibu. Mkeo atakuwepo. Sesilia atakuwepo. Naogopa macho ya hao wawili kuliko nilivyowaogopa wale mabwana.

Wazee wataninong'oneza ninyamaze, maneno ya mtani hayana kesi. Nitawauliza wamejuaje.

Mimi,
Mtani wako, mla panya