Glasi Tatu, Watu Wanne

Jumamosi, 1 Mei 1999

Tangawizi ya chai imezidi tena, mama kanigombeza tena. Mikeka uani, glasi tatu kwa watu wanne, za kupokezana. Zamu yangu leo. Nimesimulia kipande cha pili chote bila kuchungulia hata mstari. Najisifu, ndiyo. Nani mwingine atanisifu?

Kitabu tunacho kimoja tu. Baba alikikuta chini ya kiti cha gari bovu aliloletewa kushona viti. Hakina jalada, hatujui jina lake wala nani aliandika. Kifaransa chake kitamu mpaka unarudia. Tukaanza kukigombania. Baba akachoka na kelele, akakikata vipande vinne kwa kisu cha ngozi, kila kimoja akakishona kwa uzi wa viti. Cha kwanza Déo, cha pili mi, cha tatu Chantal, cha mwisho Melchior. Unasoma chako peke yako, unawasimulia wengine kwa mdomo. Ndiyo sheria.

Mhunzi yule wa kitabuni! Wamemfukuza kijijini kwa sababu baba yake alijinyonga, akajenga ng'ambo ya kijito. Bado anawafulia majembe. Anayaacha njiani, wanayachukua jioni, wanayaosha kwanza, halafu wanalima. Wanakula! Asante hakuna. Naye kesho yake anafua mengine. Moyo gani huo? Mi ningewafulia majembe ya udongo.

Déo alipiga mkeka kwa hasira. Chantal akasema watu wa kijiji kile hawana haya. Déo ni Muhutu wa Kamenge, Chantal Mututsi wa Mutanga Nord. Siku hizi za vita, kwingine mjini hawakai mkeka mmoja. Hapa mtaani kwetu Buyenzi, kwa Waswahili, hakuna anayekuuliza wewe nani.

Melchior alikunywa chai yake kwenye kikombe chake cha bati anachokuja nacho kwenye mfuko wa shule. Mwezi wa pili sasa, kila Jumamosi na kikombe chake.

Jumanne, 4 Mei

Kile kikombe kinaniudhi. Mjini hapa jina letu limekuwa tusi. Mutu akidanganya, wanasema huyo Mswahili. Sasa huyu naye anaikubali chai yetu, glasi yetu anaikataa. Anaringia nini? Kwao ni mlimani, huku mjini anamwagilia bustani za watu Mutanga Nord ili alipiwe ada ya lise. Subiri tu.

Jumamosi, 8 Mei

Nimeharibu.

Chantal alisimulia vizuri. Mvua imekuja, majembe yamevunjika yote, mhunzi haonekani njiani. Njaa inabisha hodi. Wazee wa kijiji wamejikaza, wamefika ukingoni mwa kijito, wanamwita kwa jina, jina ambalo hawajalitamka miaka yote. Hapo kipande kimekwisha! Tukamgeukia Melchior, tukamwomba hata neno moja. Akacheka. Wiki ijayo, akasema.

Halafu chai. Akatoa kikombe.

Nikamwuliza mbele ya wote, "Melchior, glasi yetu inanuka?"

"Apana, Mwajuma. Si hivyo."

"Basi nini? We unaogopa midomo ya Waswahili? Tuambie tujue."

Akanitazama. Akasema nisikasirike. Akamwaga chai yake taratibu kwenye mizizi ya mpapai, akafuta kikombe kwa shati lake, akaenda zake. Déo akaniambia nina mdomo mchafu. Nikamwambia naye aende. Akaenda. Chantal akamfuata.

Jumatano, 12 Mei

Bado nina hasira.

Uongo. Hasira ilikwisha Jumapili. Nimebaki na aibu.

Jumamosi, 15 Mei

Hakuja. Déo na Chantal walikuja, tukasubiri mpaka chai ikapoa. Wazee wa kijiji wamesimama kijitoni wiki nzima, na mwisho uko kwake. Lakini si mwisho unaonikera. Nafasi yake kwenye mkeka inanikera. Hakuna mutu anayesikiliza kama yule. Unasimulia, anakutazama kama maneno yako ni chakula. Nilisimulia vizuri tarehe moja kwa sababu yake, sasa nimejua.

Mdomo uliponza kichwa, mama husema. Kichwa changu mimi, lakini kilichoponzwa ni cha mwenzangu.

Jumatatu, 17 Mei

Naandika upesi kabla sijajidanganya.

Mama anataka chungu cha maharage, anasema sufuria huyanyima ladha. Tukaenda sokoni, kwa wafinyanzi. Mama mmoja pale, mfinyanzi mwenyewe, alimwomba maji muuza uji aliye jirani yake. Muuza uji ana vikombe vingi vimepangwa mbele yake. Hakugusa hata kimoja. "Leta mikono," akasema, akammiminia maji viganjani. Nusu yakamwagika.

Nyuma ya vyungu akatoka mwanafunzi na kikombe cha bati. "Mama, chukua hiki."

Melchior.

Yoo! Nilisimama pale kama nguzo. Mfinyanzi yule ni mama yake, na wafinyanzi ni Batwa, wale wanaotengwa na wote, kila mutu anajua. Na kila mutu anajua kikombe alichonywea Mutwa hakinywewi tena. Bibi yangu mwenyewe, Mungu amrehemu, alivunja kibuyu kwa sababu hiyo, na sisi watoto tukamwangalia. Nimekua nikilijua jambo hilo kama ninavyojua jina langu. Sijawahi hata kuliuliza.

Kumbe hakuikataa glasi yetu. Alijua siku tukijua tutaivunja. Na wiki zote hizo anatusikiliza tukiwatukana wale waliokuwa wanaosha majembe, kikombe kiko mkononi mwake. Nyani haoni kundule.

Niandike na lililobaki. Mama akasema, "Si mwenzako yule?" Nikasema apana. Nikajificha nyuma ya magunia ya makaa mpaka mama alipomaliza kununua. Mi ni mwoga na muongo.

Jumamosi, 22 Mei

Wanapigana milimani tangu alfajiri. Mabasi ya Kamenge hakuna. Hakuna aliyekuja. Nimetandika mkeka hivyo hivyo.

Mama yake Melchior hupita njia ile ile ya mlimani na vyungu kichwani. Sina amani. Nimeswali, nikarudia.

Jumanne, 25 Mei

Njia zimefunguka. Nimekwenda Mutanga Nord kwa miguu, jua la saa saba. Chantal akanionyesha geti, sikumwambia kisa. Melchior alikuwa anapalilia maua ya watu. Akasimama. Jambo la kwanza nilimwuliza mama yake yuko salama. Akaniuliza najuaje habari za mama yake. Nikamwambia nilimwona sokoni. Yuko salama. Hakuteremka siku ile.

Nilikuwa nimejipangia hotuba nzima. Njiani ikaniishia. Koo limekauka, nikasema, "Naomba maji."

Akageuka kwenda jikoni kwa mabosi kutafuta glasi.

"Apana," nikasema. "Ile." Kikombe kilikuwa juu ya jiwe, karibu na bomba.

Alinitazama muda mrefu, namna ambayo sikuielewa. Akajaza. Nikanywa yote, nikaomba tena. Akasema bahati yangu ni maji, kwa chai bati lile linachoma midomo, yeye ameshazoea. Tukacheka wote wawili, mi na machozi.

Nikamwomba msamaha. Nikamwambia siri ni yake, sitaifungua kwa yeyote. Akasema atafikiri. Sijui atakuja.

Jumamosi, 29 Mei

Amekuja. Na kipande chake, bila kikombe.

Amesimulia. Mungu wangu, huyu mutu! Hakusoma hata neno. Alikuwa mhunzi, alikuwa wazee, alikuwa kijito chenyewe. Baba akaacha kushona, akaja kusimama mlangoni na uzi mdomoni. Wazee wanaita. Mhunzi anatoka, mgonjwa, amekonda. Anaweka nyundo chini, anavuka maji. Anafika kwao. Wanamwomba majembe. Yeye anasema, "Kwanza mnipe maji ya kunywa."

Hapo Melchior akaishia.

Déo akauliza walimpa kwenye nini. Melchior akatuonyesha kipande. Ukurasa wa mwisho umechanika, labda zamani, chini ya kile kiti. Kitabu kinaishia hapo, alijua tangu siku ya kwanza. Ndipo nikaelewa Jumanne, nilipoomba maji, alinitazama kwa nini.

Kisha akasema, sauti ya kawaida kabisa, "Mi ni Mutwa. Ndiyo maana ya kikombe."

Nimesoma habari za mashujaa tangu nianze lise, sijamwona mmoja akikaa kwenye mkeka wetu na miguu ina vumbi la Mutanga. Glasi yangu nilikuwa nimeinywa nusu. Nikampa. Akanywa polepole, akaibakiza kidogo, akaishika, hajui aiweke wapi. Déo akanyoosha mkono, akaichukua, akaimaliza. Akasema tangawizi imezidi. Akaijaza tena, akampa Chantal. Mkono wa Chantal ulisita. Niliuona. Kisha akapokea, akanywa kidogo. Alibakiza chai, lakini yeye hubakiza kila Jumamosi, basi sijui.

Wiki ijayo tunaanza upya, kila mutu achukue kipande kingine. Melchior anataka cha kwanza.

Wameondoka mapema, kabla ya kuvrefe, ile amri ya kutotoka usiku. Nimekunja mkeka. Mama alitaka kuosha vyombo, nikamwambia aniachie. Glasi tatu ziko juu ya sinia, zimekauka. Nilijaribu kukumbuka ipi ilikuwa ile aliyonywea Melchior. Sikuweza.