Mayai ya Shangazi Ketrina

Tunduma, Jumatano

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta mzima, na mama ameanza kula angalau uji. Kahawa mmechuma, au imeachwa idondoke? Huku tunapumua. Naandika kwa sababu simu unanikatia kila nikimtaja shangazi Ketrina, dada yako wa tumbo moja. Barua hii analeta Lusajo, nami nimemwomba akusomee mpaka mwisho.

Juzi nilikwenda kwenye maegesho ya malori alikofia kaka Amoni. Enoka, aliyekuwa akiosha naye makontena, alinieleza huku analia. Kontena lilirudi tupu kutoka Kongo, sakafuni mna vipande vya njano vilivyomwagika. Kutu iligoma kutoka, Amoni akamwaga maji ya betri, kama wanavyofanya wote pale. Uvundo wa mayai viza ukawatoa nje mbio. Baada ya muda marehemu akachungulia, akasema harufu imekwisha, akaingia kumalizia kazi. Hakutoka tena.

Jina lililokuwa kwenye mfuko uliobaki mle nilimpelekea jirani yangu Brenda, mwalimu wa kemia. Alisema ni salfaidi, yaani salfa iliyoungana na kitu kingine. Migodini huitumia kutenga shaba na mawe. Ikikutana na asidi iliyomo kwenye maji ya betri hutoa gesi inayonuka mayai viza, na gesi ikizidi, pua hufa ganzi. Harufu haikwisha, Baba. Pua ya mwanao ndiyo iliyotangulia kufa.

Basi uvundo mliousikia kwenye nguo zake msibani haukutoka kwenye trei ya mayai ambayo shangazi alimtumia kwa basi. Nasikia Jumamosi ukoo unakaa ili afukuzwe Isansa kwa uchawi, na jiko lake limeshabomolewa. Nimekasirika, tena sana. Huyo ndiye aliyembeba Amoni mgongoni mama alipokuwa mgonjwa!

Sasa nikwambie nililolificha. Amoni hakuyaonja mayai yale. Aliyaacha kwangu, akasema atakula akirudi kutoka kazini. Mchana huo, kabla sijaletewa habari, niliwakaangia watoto, nami nikala. Mlipomtaja shangazi msibani nilinyamaza, maana niliamini. Tangu hapo kila asubuhi nawagusa wanangu kuona kama bado wana joto.

Leo wote wamekwenda shule. Nisalimie ukoo, na uwaambie hilo kabla hawajakaa. Shangazi mpe shikamoo yangu. Mwambie mayai yalikuwa matamu.

Ni mimi bintiyo,
Nesta