Mvua ya Matinyani

Matinyani,
Jumapili, 13 Machi 1994

Baba,

Mama amejilaza kidogo baada ya kanisa, nami nimekaa mlangoni pa jikoni na kile kitabu chako cha kompyuta magotini. Kinanuka moshi. Nitakueleza kwa nini, lakini wewe hukupenda kungojeshwa habari, kwa hivyo nianze na yenyewe: halikuwa kosa lako.

Tangu tukuzike mwezi wa Agosti, ofisi yetu ya mvua ya Kiboko imebadilika. Wameleta kompyuta mpya mbili. Ile yako ikasukumwa pembeni, bado imefunikwa ile leso ya Mama uliyoiwekea kuzuia vumbi. Mwezi jana mkubwa wetu akasema Ijumaa ya tarehe kumi na moja itapelekwa stoo na vitu vibovu, ingojee mnada. Nikamwambia si mbovu. Akaniuliza kwa upole, "Mwende, inaweza kutoa mvua ya Matinyani?"

Unajua ilivyokuwa. Ukiiuliza mvua ya Sultan Hamud, inatoa. Ya Kiboko, inatoa. Ya vituo vyote vya kupima mvua inatoa, ila ukichagua Matinyani kioo kinaganda mpaka uizime. Na Mutua wa meza ya pili hakuchoka: "Hata mashine inajua kwa kina Mwende hakunyeshi!" Ulikuwa ukicheka pamoja nao, kisha unarudi kuinamia daftari lako hadi chai ya saa kumi.

Mvua hiyo aliipima Mama. Kila siku saa tatu asubuhi, miaka na miaka, akimimina maji ya kipima mvua kwenye gilasi, akisoma, akiandika kwenye kadi. Kadi zake zililiwa na mchwa ndani ya kabati la ofisi. Zilizobaki ni namba tulizopiga mimi na wewe kwenye diski, na hizo kompyuta mpya hata mdomo wa kuimeza diski yako hazina. Mashine yako ikienda stoo, mvua ya Mama imekwenda nayo.

Na kulikuwa na yale uliyoniambia hospitalini. "Mwende, kuna mahali niliandika vibaya. Nimepatafuta, sipaoni. Mwambie mama yako nimepoteza mvua yake." Baba, sikumwambia. Nilishindwa.

Nikaanza kutafuta kitabu cha mashine, kile kinene cha Kiingereza. Hakikuwa ofisini. Nilipokuja nyumbani nikafungua sanduku lako, nikapata koti, miwani, kalamu zako. Kitabu hakuna. Nikaona aibu kumuuliza Mama, nikidhani labda kilitumiwa kuwashia moto wakati wa matanga, watu walikuwa wengi. Mwishowe nikamuuliza. Akanitazama kama mtoto mjinga. "Si kiko na mbegu?"

Kweli kilikuwa juu ya meko, kimefungwa kwa gunia, katikati ya mahindi ya mbegu na kibuyu cha kunde kilichotiwa jivu. Alikipandisha huko wiki tuliyokuzika. "Mchwa alikula kadi zangu," akasema. "Hiki hatakipata." Miezi saba kimekula moshi. Jalada limekuwa rangi ya chai, kurasa nyingine zimeshikana, ikabidi nizitenganishe kwa kisu butu, moja moja. Wino wako mwekundu umefifia sana. Lakini penseli, Baba! Penseli iko kama uliandika jana.

Nilisoma maandishi yako yote ya pembeni kabla sijasoma kitabu. Umeandika bei ya betri. Umechora kile kidude cheusi chenye miguu arobaini, 6502, ubongo wa mashine, ukakiwekea kofia. Nikakumbuka ulivyonifundisha kukibonyeza kwa dole gumba joto likizidi, kwa sababu kinapanda polepole kutoka kwenye tundu zake, nawe ukasema, "Polepole, kama unajaribu papai sokoni." Na pale kitabu kinapoeleza jinsi mashine inavyoruka kwenda mahali ilipoandikiwa, umepiga mstari, ukaandika maneno matatu na alama ya kuuliza: "Mwisho wa safu?"

Basi. Hakuna zaidi. Sijui kama uliandika ukiwa tayari mgonjwa.

Nilirudi Kiboko na swali hilo. Ulinifundisha kumbukumbu ya mashine kwa masanduku ya posta ya Sultan Hamud, unakumbuka? Tulisimama hapo tukingoja barua, ukaniambia, fikiria safu ndefu za masanduku, na kila kituo cha mvua anwani yake imekaa kwenye masanduku mawili yanayofuatana. Mashine inasoma la kwanza, inasoma la pili, inajua pa kwenda. Nikachukua daftari lako la programu nikahesabu kwa kidole. Matinyani ilikuwa ikitoka vizuri zamani. Halafu uliongeza vituo vya Makueni juu yake kwenye orodha, ikasukumwa chini, chini. Nikahesabu mara tatu. Sanduku la kwanza la Matinyani limeangukia mwisho kabisa wa safu. La pili liko mwanzo wa safu inayofuata.

Nikajiuliza, je, ikifika mwisho wa safu, inashuka kweli?

Wewe ulikuwa ukisema, "Mashine haina chuki na mtu. Iulize swali dogo." Nikaiuliza dogo. Niliweka namba moja mwanzo wa safu ileile na nyingine mwanzo wa safu ya chini, zote mbili nikijua zinapeleka wapi, nikaiambia iruke. Haikushuka, Baba. Ilirudi mwanzo wa safu ileile, ikachukua namba ya huko, ikaenda pasipo pake. Nikarudia. Ikafanya vilevile. Ndivyo ilivyoumbwa kiwandani! Kitabu hakisemi, au mimi sikuona kinaposema. Nilicheka peke yangu, kisha nikalia, Mutua akaja na kikombe cha chai akakiweka mezani bila neno lolote la mzaha.

Orodha ilikuwa mwisho wa programu, haikuwa na kitu nyuma yake. Nikaisogeza yote nafasi moja mbele, nikabadilisha namba inayosema inaanzia wapi. Kazi ya dakika chache. Ilikuwa Alhamisi. Nikachagua Matinyani, nikafumba macho kama wakati wa kuombea chakula, nikasikia printa imeanza kupiga kelele zake.

Ikatoa yote. Karatasi yenye matundu pembeni ikajikunja hadi sakafuni. Mkubwa akaja, akaisoma mwezi kwa mwezi. Mashine imekwenda stoo Ijumaa, sikuweza kuizuia, lakini mvua imebaki ofisini kwa jina la kituo chake, na nakala moja nimemletea Mama.

Jana ndipo nilimpa ujumbe wako, na jibu lake pamoja. Kisha akavaa miwani yako akaanza kusoma mvua yake, akifuata kwa kidole. Akafika siku moja ya Novemba ambapo hukuandika sifuri, umeweka kistari tu, maana yake hakukupimwa. Akaanza kucheka. "Siku hiyo alitokea ghafla kutoka Kiboko na nyama na mkate. Nikaisahau mvua. Nilimwomba aandike chochote, akakataa."

Ukaweka kistari, Baba. Hata kwa ajili yake hukuibuni.

Ameniambia nikirudishe kitabu juu ya meko, na nitakirudisha. Lakini nakuahidi nitakinakili kwanza kwa mkono, pamoja na maandishi yako ya pembeni, hata bei ya betri na ile kofia. Chini ya "Mwisho wa safu?" nimeandika kwa penseli, "Ndiyo. Haishuki, inarudi mwanzo," na jina langu.

Mama ameamka, ananiita nikasome kipima mvua. Usiku kulinyunyiza kidogo na leo amechelewa sababu ya ibada. Lala salama, Baba. Mimi nakukumbuka saa tatu kila asubuhi. Nawe unikumbuke.

Mwanao,
Mwende